Maji Yakifika Kwenye Kona

Kwenye miradi ya maji ya mserereko, maji yakifika kioski cha mwisho yakidondoka badala ya kumwagika, mtuhumiwa wa kwanza huwa kona. Bomba limepindapinda mno, watu husema. Lingenyooshwa, maji yangekuja. Katika nchi ya vilima ya Tarime, Nyarero ikiwamo, tuhuma hiyo inaaminika kwa macho. Hakuna bomba linaloweza kutoka kwenye banio la chemchemi hadi shuleni bila kuzunguka migomba, kukwepa mwamba, kushuka bondeni na kupanda tena. Mtaro hufuata mpaka wa shamba la mtu, na mpaka wa shamba haukupigwa rula.

Hesabu ya mtiririko ndani ya bomba lililopinda ina umri wa karibu miaka mia moja, na hukumu yake kuhusu kesi hii ni nyepesi kuliko wengi wanavyotarajia: kona pana karibu haina hatia. Ila ukiichukua hesabu hiyohiyo ukaipeleka mtoni, kwenye mshipa mkuu wa damu au kwenye bomba la tope la mgodi, kona ndiyo inayobeba jambo zima. Swali la maana basi ni wapi mkunjo unahesabika na wapi hauhesabiki, na ni nani ametupa nini njiani ili hesabu ifike mezani kwa mhandisi wa wilaya ikiwa fupi kiasi cha kutumika.

Tuanze na bomba lililonyooka. Gotthilf Hagen, mhandisi wa maji wa Prussia, alichapisha vipimo vyake mwaka 1839. Jean Poiseuille, daktari wa Paris aliyekuwa akihangaika kuelewa damu inavyopita kwenye mishipa myembamba, alitoa vyake katika miaka ya 1840. Bila kutegemeana, wote walikuta sheria moja: mtiririko ukiwa tulivu, kiasi kinachopita hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Ongeza kipenyo mara mbili, presha ileile inapitisha mara 16. Ndani ya bomba hilo mambo yana ulinganifu mzuri. Maji ya katikati yana kasi kuliko yote, yale yanayogusa ukuta yamesimama, na kila tone linakwenda mbele tu, halina safari ya pembeni.

Pinda bomba, ulinganifu unavunjika. Ili maji yageuke, presha ya upande wa nje wa kona lazima iizidi ya upande wa ndani, na tofauti hiyo inatosha kuyageuza maji ya kasi ya wastani. Maji ya katikati, kwa kuwa yanakimbia zaidi, yanaishinda na kutupwa nje. Maji ya pembezoni, yaliyocheleweshwa na ukuta, yanazidiwa nayo na kurudishwa ndani yakiambaa ukuta, mengine kwa juu, mengine kwa chini. Ukilikata bomba kwa mawazo na kuchungulia, utaona mizunguko miwili inayotazamana, mmoja ukizunguka kinyume cha mwenzake. Tone la maji halisafiri tena kwa mstari. Linakwenda mbele huku likijisokota kama uzi wa skrubu.

Asiye na maabara akoroge chai yenye majani yasiyochujwa, kisha atoe kijiko. Ungetarajia majani yatupwe pembeni. Yanakusanyika katikati ya kitako cha kikombe, kwa sababu maji ya chini yamecheleweshwa na kitako na presha inayasukuma kuelekea katikati, yakibeba majani. Albert Einstein aliandika juu ya majani hayo mwaka 1926 akieleza kwa nini mito hujipinda. Miaka 50 kabla yake, mwaka 1876, James Thomson, kaka wa Lord Kelvin, alikuwa ameshaeleza jambo hilohilo. Heshima ya kikombe imekwenda kwa aliyekuwa maarufu zaidi, si mara ya kwanza katika sayansi.

Kutoka Nyarero ukiteremka kusini unaufikia Mto Mara, mpaka kati ya wilaya za Tarime na Serengeti. Unatoka Msitu wa Mau nchini Kenya, unasafiri kama kilomita 395, na sehemu ya chini, kabla ya kuingia kwenye eneo lake la kinamasi na kisha Ziwa Victoria, unajipinda bila haraka. Katika kila kona yake mzunguko wa Thomson unafanya kazi mchana na usiku. Maji ya juu yenye kasi yanagonga ukingo wa nje na kushuka yakiuchimba kwa chini mpaka unamomonyoka, huku maji ya chini yakirudi upande wa ndani na mchanga na kuuacha huko. Ndiyo maana mto hauwezi kubaki na kona ndogo. Kona huzaa udongo wa upande mmoja na shimo la upande wa pili, na vyote viwili huikuza kona. Hapa hesabu ya mtiririko wa mbele peke yake haina la kusema. Mwendo wa pembeni, ambao kwa kasi ni sehemu ndogo tu ya mwendo mzima, ndio unaoamua shamba la nani litaliwa na mto.

Kwa mabomba, watu walipima kabla ya kuhesabu. Mwaka 1902 Williams, Hubbell na Fenkell walitoa matokeo ya majaribio kwenye mabomba makubwa ya maji ya jiji la Detroit, nchini Marekani. Walionyesha kwamba baada ya kona maji yenye kasi zaidi yamehamia upande wa nje wa bomba. Wakasema na jambo lililozua ubishi: kwamba kona fupi, hadi nusu kipenyo cha mkunjo kinapokuwa kama mara mbili na nusu ya kipenyo cha bomba, inapoteza presha kidogo kuliko kona ndefu. Ubishi ule ulikuwa na mantiki ndani yake na nitaurudia, maana hadi leo mafundi wanabishana hivyohivyo bila kujua wanarithi ugomvi wa Detroit. Miaka michache baadaye, mwaka 1910 na 1911, John Eustice huko Southampton aliingiza rangi kwenye mabomba ya kioo yaliyopinda, na nyuzi za rangi zikaonekana zikihama na kuzunguka.

Aliyeipa picha hiyo hesabu ni W. R. Dean, Mwingereza, katika makala mbili za mwaka 1927 na 1928. Milinganyo ya jumla ya mwendo wa vimiminika ilikuwapo tangu Navier mwaka 1822 na Stokes mwaka 1845, lakini kuwapo si kutatulika. Hata sasa Taasisi ya Clay ya Marekani, tangu mwaka 2000, inamsubiri na Dola milioni 1 atakayethibitisha kama milinganyo hiyo, katika vipimo vitatu, huwa na jibu laini wakati wote. Dean alipita mlango mdogo. Alichukulia kona ni pana sana ukilinganisha na bomba, akatazama mkunjo kama kasoro ndogo juu ya jibu la Poiseuille, kisha akaendelea kulisahihisha jibu hilo hatua kwa hatua.

Makala ya kwanza iliitoa mizunguko miwili kwenye karatasi. Ilishindwa kuonyesha jambo ambalo kila fundi analitaka, yaani mkunjo unapunguza maji kiasi gani: katika hatua aliyofikia, jibu lilitoka sifuri. Makala ya pili ndiyo iliyosogeza hesabu mbele mpaka upungufu ukaonekana, na humo ikatoka zawadi yake kubwa. Mambo ambayo ungedhani ni manne yanayojitegemea, yaani kasi, kipenyo, mnato na ukali wa kona, kwa kona pana yanajikusanya kwenye namba moja. Chukua namba ya Reynolds, ambayo ni kasi mara kipenyo gawanya kwa mnato, uizidishe kwa kipeuo cha pili cha uwiano kati ya nusu kipenyo cha bomba na nusu kipenyo cha kona. Leo tunaiita namba ya Dean. Mirija miwili yenye namba hiyo sawa, mmoja wa asali na mwingine wa maji, itakuwa na mizunguko ya umbo moja.

Baadaye kidogo, mwaka 1929, C. M. White alikusanya vipimo vya mafuta na maji na kukuta kwamba vinaangukia mstari mmoja vikipangwa kwa namba ya Dean. Mwaka huohuo G. I. Taylor alithibitisha kwa rangi jambo ambalo bado linawashangaza wanafunzi: kona inatuliza maji. Katika bomba nyoofu, vurugu huanza namba ya Reynolds ikikaribia 2,000 na kitu. Katika bomba lililosokotwa, mtiririko unaweza kubaki tulivu hadi mara mbili au zaidi ya hapo. Sreenivasan na Strykowski walionyesha mwaka 1983 kwamba hata maji yaliyokwisha kuvurugika katika bomba nyoofu yanaweza kutulia tena yakiingia kwenye bomba la mzunguko. Kona, kwa maneno mengine, inatoza ushuru na papo hapo inaweka utulivu. Kwa nini vurugu ya ndani ya kona huzaliwa kwa njia tofauti na ile ya bomba nyoofu ni jambo lililokuwa likichunguzwa kwa vipimo vipya hadi mwaka 2015, Jakob Kühnen na wenzake wakiwa Austria.

Sasa turudi mtaroni. Tuseme mradi wa kufikirika, wenye vipimo vya kawaida kwa miinuko ya Tarime: banio liko mita 60 juu ya tanki, bomba ni la plastiki la HDPE la milimita 63 kwa nje, ambalo kwa daraja la presha la baa 10 lina uwazi wa kama milimita 55.4, na urefu ni kilomita 3. Tunataka lita 1.5 kwa sekunde. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya 2002, lita 25 kwa mtu kwa siku, maji hayo yakikusanywa usiku na mchana yanawatosha watu 5,000 na zaidi kidogo.

Kasi inatoka mita 0.62 kwa sekunde. Maji yakiwa ya nyuzi 20 hivi, namba ya Reynolds inakuwa kama 34,000, mbali kabisa na utulivu. Msuguano wa bomba laini unakula mita 8.3 za kimo kwa kila kilomita, yaani kama mita 25 kwa safari nzima. Tanki linapata mita 35 za ziada, presha ya kutosha na chenji.

Bomba la plastiki la rola hupindwa kwa mikono mtaroni, na kanuni ya kawaida ni kutolipinda kwa nusu kipenyo kilicho chini ya mara 25 ya kipenyo chake cha nje, hapa kama mita 1.6. Kona moja ya nyuzi 90 ya namna hiyo ina urefu wa mita 2.5. Namba yake ya Dean ni kama 4,600. Fomula ya Itō wa Japani ya mwaka 1959, ambayo hadi leo bado inatumika, inasema vurugu katika kona hii ingeanza kwenye Reynolds ya 5,500 hivi, kwa hiyo tumeshavuka, na kwamba msuguano ndani yake unazidi wa bomba nyoofu kwa asilimia 12 au 13. Asilimia hizo zinaonekana nyingi mpaka uzizidishe kwa mita 2.5 tu za urefu. Kona nzima inaongeza upotevu wa milimita 2.6.

Weka kona 40 za aina hiyo kutoka banio hadi tanki. Jumla ni sentimita 10, katika mita 25.

Fundi akikosa subira na kuweka elibo kali badala ya kupinda bomba, kila elibo itachukua kama milimita 18, na elibo 40 zitachukua sentimita 70. Ni mara saba ya kona pana, na bado ni asilimia 3 tu ya msuguano wote. Hapa ndipo ugomvi wa Detroit unapofumuka. Ukipima mwanzo hadi mwisho wa kona peke yake, kona pana imepoteza milimita 23 kwa sababu ni ndefu, na elibo imepoteza 18, elibo imeshinda. Lakini elibo inakulazimisha utembee hadi pembeni kabisa, na kona pana inakata pembe. Ukihesabu kutoka sehemu ileile hadi sehemu ileile, njia ya elibo ina mita 3.15 za bomba pamoja na elibo yenyewe, na jumla inakuwa kama milimita 44. Kona pana imeshinda karibu mara mbili, na imeokoa zaidi ya nusu mita ya bomba. Hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni mahali ulipoweka mwanzo wa kamba ya kupimia.

Linganisha na kosa lingine, dogo kwa macho. Mtu ananunua bomba la milimita 50 badala ya 63 kwa sababu ni nafuu na dukani lipo. Msuguano unapanda karibu mara tatu, kutoka mita 25 hadi 74, na kimo tulichonacho ni mita 60. Lita 1.5 hazitafika kwa njia yoyote ile. Zitafika kama lita 1.3, bila presha yoyote ya kupandia tanki. Kona zote 40 zikinyooshwa kwa nguvu za kijiji kizima, hazitarudisha hata sehemu moja ya mia ya upotevu ule.

Kona ninayoiogopa mimi ni ile isiyoonekana kwenye ramani, kona ya wima. Bomba likishuka bondeni na kupanda kilima cha pili, mgongo wa kilima unakusanya hewa. Maji ya chemchemi yanakuja na hewa iliyoyeyuka, na bomba linapojazwa mara ya kwanza hewa nyingine inanaswa humo humo. Maji yanateleza chini ya hewa hiyo upande wa mteremko, na kila mita ya kimo ambayo hewa imeikalia inakuwa mita ya presha iliyopotea. Migongo mitatu, kila mmoja ukiwa na hewa yenye kimo cha mita 4, inaweza kula mita 12, nusu ya msuguano wa bomba lote. Na mgongo ukipanda juu ya mstari wa presha, yaani kimo ambacho presha iliyobaki ingeweza kuyafikisha maji, bomba linanyonya badala ya kusukuma. Katika mwinuko wa mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa unashikilia maji kama mita 8 na nusu tu, wakati pwani ni 10, kwa hiyo kinachovumilika Tanga kinaweza kukatika Tarime. Valvu ya hewa kwenye mgongo inagharimu fedha kidogo ukilinganisha na mtaro wa kufukuliwa mara ya pili.

Kuna na kona inayosukuma. Bomba la milimita 110 lenye presha ya baa 6, likigeuka nyuzi 90 kwa elibo, linabeba nguvu inayolingana na uzito wa kilo 800 hivi, ikilisukuma elibo kuelekea nje ya kona. Nguvu hiyo haitokani na mizunguko ya Dean, ni presha tupu, na ipo hata maji yakiwa yamesimama. Zege linalowekwa nyuma ya elibo linajibu hilo. Kona pana ya bomba lisilo na kiungo inaigawa nguvu ileile kwenye udongo wa urefu wote wa kona, na mara nyingi udongo ulioshindiliwa unatosha. Ukiniuliza sababu ya kupenda kona pana, nitaitaja hii kabla ya sentimita 60 za presha.

Programu ambayo wahandisi wa maji wengi wanaitumia, EPANET ya mamlaka ya mazingira ya Marekani, inayopatikana bure tangu mwaka 1993, haijui kona. Kwayo mtandao ni vijiti vilivyonyooka vinavyokutana kwenye nukta. Kona inaingizwa kama namba moja ya upotevu mdogo, na mara nyingi haiingizwi kabisa. Mtaalamu wa hisabati anaweza kukasirika, maana miaka mia moja ya Dean, White, Taylor na Itō imefinywa kuwa tarakimu moja isiyojazwa. Mimi naona ndivyo inavyopasa. Hesabu nzuri ni ile iliyopima kitu ikajua ni halali kukitupa, na kwa maji safi katika bomba la kijiji Itō ametupa ruhusa hiyo. Tarime na Rorya zimo kwenye mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa Dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India; kwenye mabomba ya ukubwa huo pia, mjadala wa gharama unapaswa kuwa juu ya vipenyo, pampu na madaraja ya presha, siyo unyoofu wa njia.

Lakini ruhusa ya kutupa haihami kutoka kimiminika kimoja hadi kingine. Hukohuko Tarime, Nyamongo, kuna mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Mwamba ukishasagwa na dhahabu kutolewa, mabaki yake husafirishwa kama tope hadi kwenye bwawa. Tope lina chembe ngumu. Katika kona, maji yanageuka lakini chembe nzito inachelewa kugeuka na kugonga ukuta wa nje, na ukuta huo ndio unaolika kabla ya mahali pengine popote. Kasi ikipunguzwa ili kuokoa ukuta, chembe zinatulia chini na bomba linaanza kuziba. Mhandisi anaishi kati ya mipaka hiyo miwili, na mwendo wa pembeni unaisogeza yote miwili, kwa sababu ndio unaozinyanyua chembe na ndio unaozipeleka ukutani. Humu namba moja ya upotevu haitoshi. Lazima kujua ni sehemu gani ya mzingo wa bomba inapigwa, na kwa pembe ipi. Mei 2019 serikali iliutoza mgodi huo faini ya Shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusishwa na bwawa la tope. Kesi ile haikuwa ya kona ya bomba, ila inaonyesha kosa la kimiminika linagharimu nini pale ambapo chini kuna Mto Tigithe, na baada ya Tigithe kuna Mara.

Mafuta ghafi ya Uganda yana tabia nyingine. Bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kuwa na joto kwa sababu mafuta hayo yana nta na yakipoa yanaganda. Mnato unaobadilika na joto unamaanisha namba ya Dean haikai mahali pamoja: ukuta wa bomba ukipoa kuliko katikati, mizunguko inapungua nguvu pale ambapo ingefaa ichanganye joto. Nusu kipenyo cha kona nacho kinatawaliwa na jambo la kawaida kabisa, yaani kifaa cha kukwangulia nta kinachosukumwa ndani ya bomba. Kisipoweza kupinda, kinakwama.

Katika vimiminika vya namna hii Tanzania ina jina lake. Verdiana Grace Masanja, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1954, ndiye mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Aliipata Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin mwaka 1986, kwa tasnifu ya kukokotoa mwendo wa kimiminika cha aina ya Reiner na Rivlin ndani ya bomba la duara, na shahada yake ya uzamili ya Dar es Salaam ilikuwa pia juu ya mtiririko katika bomba. Vimiminika alivyovichagua havitii sheria rahisi ya maji, ile ya kwamba ukisukuma mara mbili kinateleza mara mbili. Tope, rangi za nyumba, uji na damu viko upande huo. Bomba lake lilikuwa nyoofu, na lilikuwa gumu vya kutosha. Ukijumlisha kimiminika kisichotii na kona isiyo na ulinganifu unapata tatizo ambalo leo hufanyiwa kazi na kompyuta. Programu huria ya OpenFOAM, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2004, imelifikisha kwa yeyote mwenye kompyuta nzuri na umeme usiokatika.

Damu inamrudisha Poiseuille mlangoni. Mshipa mkuu ukitoka moyoni unapanda na kupinda karibu nusu duara, na damu inasukumwa humo kwa mapigo. Mapigo yanabadilisha mizunguko ya Dean kila sehemu ya sekunde; W. H. Lyne alionyesha mwaka 1971 kwamba mtiririko ukiwa wa kwenda na kurudi kwa haraka, mizunguko ya katikati inaweza kugeuka ikazunguka kinyume. Miaka hiyohiyo Colin Caro na wenzake, London, walitoa hoja kwamba mafuta hujijenga kwenye kuta za mishipa pale damu inapoukwangua ukuta kidogo, siyo pale inapoukwangua sana. Katika kona, pale ni upande wa ndani. Wazo lililotangulia lilikuwa kinyume, na lilionekana la akili zaidi. Mgonjwa anayepelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huenda asisikie jina la Dean maishani mwake, lakini mahali pa kutafuta uziba kwenye picha yake pana uhusiano mkubwa zaidi na makala za 1927 na 1928 kuliko bomba lolote la kijijini kwake.

Nina lawama yangu. Tasnifu za mtiririko zinazoandikwa vyuoni kwetu Afrika Mashariki zina kawaida ya kuongeza kitu kwenye milinganyo: uga wa sumaku, chembe ndogo mno, joto la ukutani, mnururisho, kisha vyote pamoja. Grafu zinapendeza. Kinachokosekana ni bomba. Eustice alikuwa na kioo na rangi, Taylor alikuwa na kioo na rangi, na kwa vitu hivyo viwili tulijua Dean alikuwa sahihi wapi na alikomea wapi. Namba ya Dean ya 4,600 ya bomba letu la mfano iko nje kabisa ya eneo ambalo Dean mwenyewe alilihesabu. Tumeitumia kwa sababu Itō alipima. Mwanafunzi anayetaka mada angeweza kuuliza mgongo mmoja wa bomba la mserereko Tarime unakula mita ngapi baada ya mwaka mmoja, na grafu ya jambo hilo sijaiona kwenye jarida lolote.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Funga geji mwisho wa bomba, kabla ya tanki. Maji yakipita lita 1.5 kwa sekunde katika mfano wetu, inapaswa kusoma kama baa 3.4. Ikisoma 2, bado hujui kosa ni la nani, kwa hiyo funga koki ya mwisho usubiri. Geji inapaswa kupanda hadi karibu baa 5.9, yaani mita 60 kamili. Mtiririko ukisimama msuguano wote unakufa, wa bomba nyoofu na wa kona pia, kwa hiyo presha inayoendelea kukosekana koki ikiwa imefungwa haiwezi kuwa kazi ya kona hata moja. Ni hewa kwenye mgongo, au bomba linavuja, au kuna mtu amejiunganishia huko juu.